Manukato ya mojito ni mazuri, lakini sahihisheni kile kisanduku cha ndimu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme juu ya makala iliyotoka Julai katika ukurasa wenu wa urembo, ile ya manukato ya kiangazi yanayofuata ladha ya kokteli ya mojito. Makala yenyewe niliipenda. Kilichonifanya nishike kalamu ni kile kisanduku kilichowekwa chini yake, kinachomwelekeza msomaji ajitengenezee manukato hayo nyumbani: aparuze maganda ya ndimu, aponde mnanaa, aloweke vyote kwenye spiriti, achuje, kisha ajipake shingoni na mikononi kabla ya kutoka. Maelekezo hayo yameshamuunguza binti mmoja hapa Mikindani. Msipoyasahihisha yataunguza na wengine.

Nimefundisha kemia sekondari maisha yangu yote ya kazi. Tangu nistaafu nina kiduka cha manukato hapa Mikindani: itiri, udi, ubani, marashi ya waridi, liwa, na pafyumu za kupima zinazopendwa na vijana. Kwa hiyo jambo hili linanigusa pande zote mbili, darasani nilikotoka na dukani nilipo sasa.

Binti huyo ni wa mtaa wa jirani, na jina lake sitalitaja. Jumapili moja walikwenda na wenzake Msimbati kuogelea. Kabla ya kupanda gari alijipaka yale maji aliyoyatengeneza kwa kufuata gazeti: mengi shingoni, kidogo nyuma ya masikio, mengine kwenye viwiko upande wa ndani. Ilikuwa siku ya kusi, upepo unavuma, jua halisikiki. Wakashinda ufukweni. Usiku alilala vizuri. Kesho yake shingo ikaanza kumwasha, kesho kutwa ikaiva na kuuma, kisha yakatoka malengelenge. Mama yake akasema huu ni mkanda wa jeshi. Shangazi mtu akasema haya ni mambo ya watu, akaanza kuuliza habari za mganga.

Alipofika dukani kwangu malengelenge yalikuwa yameshakauka. Alijitanda mtandio mpaka kidevuni. Akaniamkia shikamoo, nikaitika, nikamwambia afungue nione. Alama zilikuwa za kahawia iliyokoza, zinakaribia weusi, na hazikuwa madoa ya ovyo. Upande wa kulia wa shingo palikuwa na michirizi mitatu iliyokwenda sambamba, kila mmoja upana wa kidole. Kutoka mchirizi wa katikati ulishuka uzi mwembamba mpaka juu ya mtulinga, ukaishia kwenye doa la duara. Tone lilichuruzika, likasimama pale. Mkanda wa jeshi hauachi alama za vidole. Nikamuuliza, "Mwanangu, ulijipaka nini?" Akafungua pochi, akatoa ukurasa wenu, umekunjwa vizuri.

Ganda la ndimu lina mafuta. Wanafunzi wangu niliwaonyesha kwa mshumaa: ukilikunja ganda karibu na moto, mafuta yanaruka na kuwaka kwa cheche ndogo ndogo. Harufu yote tunayoiita ya ndimu imo humo, siyo kwenye maji yake. Lakini humo humo mna kemikali za jamii ya furanokumarini, mojawapo bergapteni. Zikiwa kwenye ngozi gizani hazina neno. Zikipigwa na mionzi ya jua aina ya UVA zinajifunga kwenye DNA ya seli za ngozi na kuziharibu. Maumivu hayaji papo hapo. Huchukua siku moja hadi tatu, ndiyo maana mtu akiulizwa hakumbuki tena alichopaka, na wazee nyumbani wanaanza kutafuta mchawi. Ngozi ikipona huacha weusi unaoweza kukaa wiki nyingi, hata miezi.

Madaktari wa ngozi wanaujua ugonjwa huu siku nyingi. Huwapata sana watu wanaochanganya vinywaji ufukweni, wakakamulia ndimu kwenye glasi na kukaa juani mikono ikiwa na majimaji yake. Yaani kokteli yenyewe, kabla haijawa manukato, imeshaunguza watu. Mwandishi wenu alipoona picha ya glasi yenye kipande cha ndimu juu ya mchanga mweupe, hilo ndilo jambo la kwanza lililopaswa kumjia.

Na UVA haihusiani na joto tunalolisikia. Inapita kwenye mawingu, inapita kwenye upepo. Julai na Agosti kwetu kusi linapoza hewa, asubuhi mtu anatafuta sweta, lakini Mtwara iko digrii 10 tu kusini mwa ikweta na jua letu ni kali mwaka mzima. Siku ya ubaridi ndiyo siku ambayo mtu anakaa ufukweni muda mrefu bila kutafuta kivuli.

Sasa mtu ataniuliza: mbona pafyumu za ndimu zinauzwa dunia nzima na watu hawaungui? Kwa sababu watengenezaji wanaojua kazi yao hawafanyi kama kilivyosema kisanduku chenu. Mafuta ya ndimu hupatikana kwa njia mbili. Ya kwanza ni kukamua ganda bila moto, na mafuta hayo hubaki na furanokumarini zake zote. Ya pili ni kukeneka kwa mvuke. Mafuta mepesi yenye harufu hupanda na mvuke, furanokumarini kwa uzito wake hubaki chini, na kinachopatikana hakina shida hiyo ya jua. Wanaotumia mafuta ya kukamuliwa wana kikomo kilichowekwa na IFRA, chama cha kimataifa cha tasnia ya manukato: kwenye kitu kinachopakwa na kuachwa juu ya ngozi, mafuta ya ndimu yaliyokamuliwa hayatakiwi kuzidi asilimia 0.7, na ya bergamoti, tunda la jamii ya mchungwa, asilimia 0.4. Binti wa watu aliloweka maganda ya ndimu kwenye spiriti siku kadhaa, akachuja, akajipaka. Nani alimpimia asilimia?

Halafu hiyo spiriti yenyewe haikutajwa ni ipi. Huku kwetu mtu akiambiwa spiriti anakwenda kununua ile ya kuwashia jiko, na humo mara nyingi mna methanoli, sumu inayopenya kwenye ngozi na kuingia kwa kuvuta mvuke wake. Mnanaa mbichi nao, ukipondwa na kuachwa kwenye chupa, unageuka rangi ya matope na kuacha doa kwenye nguo nyeupe. Hilo la mnanaa ni hasara ya kanzu tu, linavumilika. La methanoli halivumiliki, na gazeti halipaswi kuliandika kwa mkato.

Pamoja na hayo, makala ilinifurahisha kwa sababu mwandishi aliona jambo la kweli: binadamu akishikwa na joto hataki harufu nzito. Anataka kunusa kitu anachotamani kunywa. Na hilo si jipya. Mwitaliano Johann Maria Farina, akiwa mjini Cologne, Ujerumani, mwanzoni mwa karne ya 18, alitengeneza maji mepesi ya bergamoti, limau na maua ya mchungwa, na kutokana na mji huo dunia ikapata odikoloni. Mojito imekuja nyuma sana. Guerlain wa Ufaransa walitoa Guerlain Homme mwaka 2008, wakaifungua kwa ndimu, mnanaa na ramu, mojito kamili. Mwaka mmoja kabla yao, 2007, Creed walitoa Virgin Island Water, yenye nazi, ndimu na ramu. Ningependa makala ingetaja hata moja ya hizo, maana ya nazi ingewagusa moja kwa moja wasomaji wa Lindi na Mtwara, watu wanaoijua harufu ya nazi tangu ikiwa dafu mpaka inapokunwa kwenye mbuzi.

Mimi ni Mwislamu, mojito sijawahi kuinywa wala sitainywa. Lakini nikisoma vitu vyake, ramu nyeupe, ndimu, sukari, mnanaa na maji ya soda, naiona ile mashine ya juisi ya miwa pale stendi. Ramu hutokana na miwa. Kijana wa juisi anapitisha muwa kwenye magurudumu ya chuma, anaukunja, anautia kipande cha ndimu pamoja na ganda lake na kipande cha tangawizi, anaurudisha tena. Kinachoshuka kwenye jagi kina povu la kijani. Simama upande unaokwenda upepo wakati muwa unapita mara ya pili na ndimu ndani yake, utanusa kitu cha jamii moja na kile ambacho watu wa Ulaya wanakitia kwenye chupa na kukiuza kwa bei ya mbuzi mzima. Watu wetu wanaijua harufu hii tangu utotoni. Hawana haja ya kufundishwa kuipenda.

Wateja wananiuliza kama ndani ya pafyumu hizi mna pombe ya ramu. Hamna ramu. Harufu ya ramu hujengwa na mtengenezaji kwa vitu vingine, vikiwemo kemikali ziitwazo esta. Mojawapo ya esta hizo, ethili fometi, peke yake inanukia karibu na ramu. Ule msisimko wa soda puani huletwa na tangawizi, pilipili mtama na kemikali ziitwazo aldehaidi. Kilichomo kwa wingi ni ethanoli ya kubebea harufu, nayo imetiwa vitu vya kuifanya isinyweke. Juu ya hukumu ya ethanoli hiyo kwenye nguo ya kuswalia masheikh wana kauli zaidi ya moja, na mimi si wa kuhukumu. Anayejizuia nampa itiri ya mafuta. Zipo itiri za ndimu na mnanaa zisizo na tone la spiriti, ila nazo zikipakwa kwenye ngozi inayokwenda juani lazima ujue mafuta yake yametoka wapi.

Kuhusu mnanaa niseme kidogo, maana makala iliandika kwamba unashusha joto la mwili. Haushushi. Mentholi iliyomo kwenye aina kadhaa za mnanaa inagusa kipokezi cha neva kiitwacho TRPM8, kile kile kinachoguswa na baridi, ubongo ukaamini kwamba pamepoa. David Julius na Ardem Patapoutian, ambao kila mmoja kwa upande wake alitumia mentholi kukipata kipokezi hicho, walipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba mwaka 2021 kwa kazi yao juu ya vipokezi vya joto na mguso. Ni raha ya kweli, mimi mwenyewe naipenda mchana wa Desemba, lakini aliyeishiwa maji mwilini anahitaji maji, siyo pafyumu.

Sasa nije kwenye majira. Makala ilisema kiangazi ni Juni hadi Agosti. Hicho ni cha Ulaya, na habari ilikuwa ya Ulaya. Sawa. Lakini gazeti linasomwa Kilwa, Lindi, Masasi, Newala na Tandahimba. Kwetu miezi hiyo ni ya kusi na ubaridi, na ndiyo miezi ya kujifukiza udi mzito na kupaka itiri ya sandali bila kumkera mtu ndani ya daladala. Fukuto letu linaanza Oktoba, linakaza Novemba na Desemba joto likipita nyuzi 30 na hewa imejaa mvuke, na halilegei mpaka kaskazi imalizike. Ndipo pafyumu ya ndimu na mnanaa ina kazi. Na ndipo inapokuwa ngumu kudumu.

Ethanoli huchemka kwa nyuzi 78. Limonini, kemikali kuu ya mafuta ya ndimu, huchemka kwa nyuzi 176. Santaloli ya sandali inakaribia 300. Ngozi haifiki hata nusu ya hizo, lakini mpangilio wa kuondoka ni huo huo: spiriti kwanza, ndimu inafuata, sandali inabaki mpaka usiku. Mchana wa Novemba, mtu aliyejipulizia pafyumu ya mojito Mikindani akapanda bajaji, akifika Mtwara mjini ndimu imeshamuaga. Watu wanarudi kunilaumu kwamba nimewauzia feki. Si feki. Ndivyo ndimu ilivyo hata kwenye chupa ya orijino. Mtengenezaji anaijua tabia hiyo, ndiyo maana chini ya ndimu anatandika vitu vizito, miti, miski, vanila, ili ndimu ikiondoka pasibaki patupu.

Wanawake wa pwani walilijua jambo hili kabla ya mimi kusoma jedwali la elementi. Nguo inafukizwa kwanza. Chetezo kinawekwa chini na makaa machache yaliyoshika majivu, udi unatiwa kidogo kidogo, juu yake kapu la ukili linapinduliwa, na kanga au gauni linatandazwa juu ya kapu. Moshi unapenya nyuzi. Makaa yakiwa makali sana udi unaungua na kunuka moshi wa kuni, kwa hiyo mfukizaji anakaa karibu na kunusa, anageuza nguo, anapunguza makaa. Nguo ikishashika, inakunjwa na kuachwa usiku kucha. Asubuhi ndipo unapoipulizia ile pafyumu nyepesi ya ndimu na mnanaa, kwenye pindo la kanga, upande wa ndani wa baibui, kwenye ukingo wa ushungi. Udi unaishika ndimu isikimbie haraka, nguo haina jasho wala joto la ngozi, na hakuna tone linalokutana na jua juu ya shingo ya mtu. Nimewafundisha hivi wateja wengi, na wanaonirudia kusifu ni wengi kuliko wanaolalamika. Wapambaji wa maharusi ndio wamekuwa wepesi kuelewa, kwa kuwa wanajua bibi harusi atakaa kwenye kiti saa nyingi akisubiri kutunzwa, huku amezungukwa na watu na taa za mpiga picha.

Hilo ndilo ambalo ukurasa wenu ungetuandikia. Pafyumu ya kokteli ivaliwe kwenye nguo, si shingoni. Mwezi wa kaskazi, si wa kusi. Na anayetaka kujipaka mwilini afanye hivyo jioni jua likishazama, au mahali panapofunikwa na nguo. Maneno machache tu, na yule binti asingefika dukani kwangu amejitanda mtandio.

Sisi wauzaji nasi tuna sehemu yetu, na wenzangu watanisamehe nikiisema hadharani. Pafyumu za kupima tunazivuta kwa bomba la sindano kutoka chupa kubwa ya aluminiamu, tunatia mafuta kwenye kichupa cha mteja, tunajazia spiriti, tunatikisa, tunafunga kipulizio. Mteja anaondoka. Mara ngapi tunamwambia asijipake akaenda juani? Mara ngapi tunajua mafuta ya ndimu tuliyonunua kwa jumla ni ya kukeneka au ya kukamuliwa? Mengi hayana karatasi. Mimi yasiyo na karatasi nayahesabu kuwa ya kukamuliwa, na mteja namwambia ayatie kwenye nguo tu. Kisha kuna wanaopanga vichupa juu ya meza juani kutwa nzima. Limonini ikikaa kwenye hewa na mwanga inaungana na oksijeni, harufu inaanza kuelekea ile ya tapentaini, na vitu vinavyozalika humo huwasababishia watu mzio wa ngozi. Pafyumu ya ndimu inakaa kabatini, gizani, imefungwa vizuri. Ukiinusa ukaona imekaribia harufu ya rangi ya mlango, usijipake hata kama ulinunua kwa bei kubwa.

Kuna jambo moja pia ningependa litokee, hata kama halihusu kisanduku. Oktoba mabibo yanaanza kuanguka. Anayepita kwenye mikorosho ya Tandahimba au Nachingwea asubuhi anaijua ile harufu, tamu, kali, yenye ukakasi unaousikia mpaka kooni, na baadaye mchana inageuka na kuelekea uraka, ile pombe ya mabibo. Sijaona chupa ya manukato yenye harufu ya bibo. Ulaya wanachukua kinywaji cha Kuba wanakifanya manukato, na sisi tuna bibo, tuna juisi ya miwa yenye ndimu na tangawizi, tuna madafu, tuna ukwaju, tuna mchaichai uliootea nyuma ya kila jiko. Vijana waliosoma kemia wapo, nimewafundisha baadhi yao mwenyewe. Natamani mmoja wao aende akajifunze ufundi huu mahali unapofundishwa, aje atengeneze pafyumu ya kaskazi ya Kusini, kwa mafuta yaliyokenekwa na kupimwa. Nitaiweka mbele ya duka langu.

Mhariri, kuna sababu ya kuomba haraka. Msimu wa korosho ukifunguka na wakulima wakilipwa, Mtwara na Lindi nzima inaingia kwenye shughuli. Harusi zinafuatana, mabinti wananunua nguo na manukato, na wasio na fedha za kutosha ndio watakaoikumbuka ile njia rahisi ya ndimu na spiriti waliyoisoma kwenu. Ukurasa wa gazeti huku hautupwi. Unakatwa, unabandikwa ukutani saluni, unapigwa picha na kuzungushwa kwenye simu. Yule binti aliupata kwa rafiki yake, naye rafiki aliupata kwa mwingine, na sijui umeshafika kwa wangapi.

Kwa hiyo naomba masahihisho yatoke ukurasa ule ule wa urembo, kwa herufi za ukubwa ule ule, kabla Oktoba haijaingia. Yaseme wazi kwamba maganda ya ndimu, limau au bergamoti hayapakwi kwenye ngozi inayokwenda juani, na kwamba spiriti ya jiko haipakwi mwilini kabisa. Na kwa aliyekwisha kuungua yaseme hivi: osha kwa maji mengi na sabuni, kaa mbali na jua, usitumbue malengelenge, usipake dawa ya meno, nenda zahanati au hospitali. Weusi utakaobaki utapungua wenyewe taratibu ukikingwa na jua. Hili la mwisho nalisisitiza, maana binti alipokuja kwangu hakuja kuuliza kilichomuunguza. Alikuja kuulizia mkorogo wa kuondoa zile alama. Mikorogo ile ina haidrokwinoni au zebaki, vitu vilivyopigwa marufuku nchini kwenye vipodozi, na ngozi iliyotoka kuungua ingezidi kuharibika. Nilimkatalia, nikampeleka hospitali mwenyewe, na mama yake tukakaa naye tukaongea mpaka akaelewa kwamba mwanawe hajarogwa.

Ameniruhusu niandike haya kwa sharti kwamba asitambulike. Mkihitaji mtu wa kupitia maelekezo ya namna hii kabla hayajachapishwa, niko tayari kuifanya kazi hiyo bila malipo. Namba yangu ya simu nimeiandika nyuma ya bahasha.

Wako,
Mwalimu mstaafu na muuza manukato,
Mikindani, Mtwara